Mgeni Akiondoka, Kamera Imfuate Nani?

Filamu zinazomsimulia mwandishi wa habari aliyetumwa kuripoti vita vya wenyewe kwa wenyewe zina desturi yao. Mwandishi hutoka Marekani, Uingereza au Australia na kushuka katika nchi ambayo lugha yake haijui. Hukuta maiti kandokando ya barabara, hubishana na maofisa wa ubalozi wa nchi yake, huponea chupuchupu kwenye kizuizi cha askari, halafu siku mji unapokaribia kuanguka hupata nafasi kwenye ndege ya mwisho na kuondoka na huzuni yake. Kamera huondoka pamoja naye. Waliobaki, ambao nchi ni yao na vita ni vyao, hawaonekani tena. Hoja yangu ni kwamba saa hiyo ya kuondoka kwa mgeni ndiyo saa ya kuipima filamu ya namna hii. Vita vya mataifa mawili vina mpaka ambao raia anaweza kukimbilia nyuma yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe hupiganwa mtaani kwake, na anayemwinda anaweza kuwa jirani, mwanafunzi wake wa zamani au binamu yake. Filamu inayokwisha mgeni anapofunga mkanda wa kiti cha ndege imesimulia safari ya mgeni huyo. Vita vyenyewe bado haijavisimulia.

Filamu iliyolielewa jambo hili mapema kuliko nyingi za kizazi chake ni The Killing Fields ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Roland Joffé na kutayarishwa na David Puttnam. Inahusu Kambodia, nchi iliyoingia vitani baada ya Jenerali Lon Nol kumpindua Mwanamfalme Norodom Sihanouk mwezi Machi 1970. Kabla ya hapo, tangu Machi 1969, ndege za Marekani zilikuwa zikishambulia mashariki mwa nchi hiyo kwa siri, zikitafuta kambi za wapiganaji wa Vietnam Kaskazini, na mabomu hayakukoma mpaka Agosti 1973, Bunge la Marekani lilipoyazuia. Katikati ya hayo yote walikuwapo watu wawili wa gazeti la New York Times: mwandishi wake, Sydney Schanberg, na Dith Pran, mzaliwa wa Siem Reap karibu na mahekalu ya Angkor. Pran alikuwa amepata kuwa mkalimani wa jeshi la Marekani, kisha wa waigizaji na mafundi wa filamu waliokuja kurekodi Lord Jim, na baadaye mpokeaji wageni hotelini. Alijua Kifaransa na Kiingereza. Alijua pia mambo ambayo hakuna shule inayoyafundisha: ofisa yupi anahongeka, barabara ipi imetegwa, na kijana gani mwenye bunduki asiangaliwe usoni.

Mwanzoni filamu inafuata desturi ileile niliyoieleza. Tunaona Neak Luong, mji wa kando ya mto Mekong ulioangushiwa mabomu na ndege ya B-52 kwa makosa mwezi Agosti 1973, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wakubwa wa Marekani walitaka waandishi wasifike. Schanberg alifika kwa mashua, na aliyeipata njia ya kumfikisha ni Pran. Tarehe 12 Aprili 1975 ubalozi wa Marekani ukahamisha watu wake kwa helikopta. Mke wa Pran na watoto wao wanne wakaondoka. Schanberg akabaki, na Pran akabaki naye. Siku tano baadaye wapiganaji wa Khmer Rouge, waasi wa kikomunisti waliokuwa wakipigana na serikali ya Lon Nol, wakaingia Phnom Penh na kuanza kuwatoa watu wapatao milioni mbili kwenda mashambani. Siku hiyohiyo Schanberg, mwandishi Mwingereza Jon Swain na mpiga picha Al Rockoff walikamatwa walipotoka hospitalini, wakaingizwa kwenye gari la deraya. Pran hakuwa akitafutwa. Angeweza kugeuka na kwenda zake. Badala yake alisihi aingizwe nao ndani, kisha kwa saa kadhaa akawaomba watekaji, akiwaambia kwamba watu hao si maadui, ni waandishi waliokuja kuandika ushindi wao. Wakaachiwa. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Phnom Penh mgeni ndiye aliyepona, na aliyemponya ni mwenyeji.

Wakakimbilia ubalozi wa Ufaransa, na hapo hesabu ikageuka. Khmer Rouge waliamuru kila raia wa Kambodia atoke nje ya ua wa ubalozi. Wenzake walijaribu kumpatia Pran pasipoti ya Uingereza iliyobadilishwa jina, lakini haikufaa kitu. Akatoka kwenda kujichanganya na umati uliokuwa ukiswagwa mashambani, na wageni wakapelekwa kwa malori hadi mpaka wa Thailand. Filamu nyingi zingefungia hapa, labda zikiongeza maandishi machache ya kutueleza yaliyompata mkalimani. Joffé na mwandishi wa mswada, Bruce Robinson, walifanya kinyume. Walimwacha Schanberg New York na barua zake za kumtafuta rafiki, wakarudi Kambodia na Pran. Kuanzia hapo ni yeye tunayemfuata: tope la mashamba ya mpunga, mikutano ya usiku, watoto waliopewa madaraka ya kuhukumu watu wazima, na msichana mdogo anayefuta picha za wazazi zilizochorwa ubaoni kwa sababu mzazi sasa ni chama. Pran halisi alificha elimu yake na kujifanya dereva wa teksi. Aliwahi kupigwa nusura afe kwa kuiba mchele wakati mgawo ulipokuwa kijiko kimoja kwa siku. Zaidi ya jamaa zake 50 waliangamia. Alivuka kuingia Thailand Oktoba 1979, baada ya majeshi ya Vietnam kuuangusha utawala wa Khmer Rouge uliosababisha vifo vya takriban watu milioni 1.7, karibu robo ya wananchi wote.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayoipa filamu uzito, na sababu yake haiishii kwenye ufundi. Yaliyotokea Kambodia kati ya Aprili 1975 na Januari 1979 hayakuwa na mwandishi wa kigeni aliyeyaona siku kwa siku. Nchi ilifungwa. Kama kipimo cha ukweli kingekuwa macho ya mgeni, basi miaka hiyo isingekuwa na historia kabisa. Ushahidi uko kwa watu kama Pran, walioyaona mauaji kwa sababu hawakuwa na njia ya kutoyaona. Kwa hiyo filamu inapohama kutoka kwa mwandishi mashuhuri kwenda kwa msaidizi wake, inahama kutoka kwa mtu anayesimulia vita kwenda kwa mtu anayevijua, na mtazamaji analipata lile ambalo makala ya gazetini ya mwaka 1975 yasingeweza kumpa.

Uamuzi huo ulikamilishwa na uchaguzi wa mwigizaji. Mwaka mmoja au miwili nyuma ilikuwa imetoka The Year of Living Dangerously, filamu ya mwandishi wa Australia katika Jakarta ya mwaka 1965. Humo mpiga picha Billy Kwan, mwanamume mwenye asili ya Kichina anayemfungulia mgeni milango yote ya mji, aliigizwa na Linda Hunt, mwanamke wa Kimarekani. Hunt aliigiza kwa ustadi mkubwa hata akapewa Oscar, lakini jicho la mwenyeji lilikuwa limeazimwa kwa mgeni. The Killing Fields ilimchukua Haing Ngor, daktari wa Kambodia aliyepita kwenye kambi za kazi za Khmer Rouge na ambaye hakuwa mwigizaji. Mkewe alikufa wakati wa uzazi mbele ya macho yake, naye hakuthubutu kumtibu kwa kuwa kujulikana kuwa daktari kulimaanisha kifo. Mtu huyo alipomwigiza Pran, kulikuwa na mambo ambayo hakuhitaji kufundishwa na mwongozaji. Mwaka 1985 akademia ya filamu ya Uingereza ilimpa tuzo ya mwigizaji mkuu. Marekani ilimpa Oscar ya mwigizaji msaidizi, ikamweka Sam Waterston, aliyeigiza kama Schanberg, kwenye kundi la waigizaji wakuu. Filamu ni ileile na uigizaji ni uleule. Hollywood iliitazama filamu inayomtoa mgeni katikati, na bado ikamhesabu mwenyeji kuwa wa pembeni.

Tuilinganishe na Salvador ya Oliver Stone, iliyotoka mwaka 1986. Kisiasa, Salvador ina ujasiri zaidi. Ilitengenezwa vita vya El Salvador vikiendelea, vita vilivyoua watu wapatao 75,000 kabla ya amani ya mwaka 1992, na ilisema waziwazi kwamba fedha na silaha za serikali ya Rais Reagan zililinda jeshi lililoshirikiana na vikosi vya wauaji. Inaonyesha kuuawa kwa Askofu Mkuu Oscar Romero Machi 1980, na kubakwa na kuuawa kwa wanawake wanne wa kanisa kutoka Marekani Desemba mwaka huohuo. James Woods anamwigiza Richard Boyle, mwandishi halisi aliyeshirikiana na Stone kuandika mswada, kwa nguvu isiyosahaulika. Lakini tujiulize ni nani Msalvador tunayemjua filamu inapokwisha. María, mpenzi wa Boyle, anapendwa, analiliwa, anavushwa mpaka, kisha anashushwa kwenye basi na maofisa wa uhamiaji wa Marekani. Hatima yake tunasomewa kwa maandishi kwenye skrini. Filamu iliyoijua vizuri dhambi ya Washington haikupata nafasi ya kukaa na mwanamke mmoja wa San Salvador baada ya Boyle kutokuwapo. Siasa sahihi, kumbe, haitoshi kuleta haki ya masimulizi.

Wapo watakaosema hoja hii haijali soko. Filamu ni ghali, wenye fedha wanataka uso unaojulikana, na mtazamaji wa Chicago au London hataketi saa mbili na mtu wa Kambodia asiyemfahamu mpaka kwanza apewe mtu anayefanana naye wa kumwongoza. Kuna ukweli hapa, na The Killing Fields yenyewe ni ushahidi wake: isingetengenezwa bila makala ya Schanberg ya mwaka 1980 katika jarida la New York Times, yaliyosimulia masaibu ya Pran. Lakini filamu hiyohiyo inaonyesha jinsi hoja ya soko ilivyo na kikomo. Watazamaji hawakutoka ukumbini Schanberg alipotoweka kwenye skrini. Walikaa na Ngor, na filamu ikapata Oscar tatu na tuzo nane za Uingereza. Hoja ya soko inaeleza kwa nini mgeni awepo mwanzoni. Haielezi kwa nini lazima awe wa mwisho kuonekana, na mara nyingi watengenezaji huitumia kutetea uvivu wao wa kutomjua mwenyeji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu linatoka kwa wanaomtetea mwenyeji. Wanasema hata filamu hii ni toba ya Mmarekani, na Pran yumo ili dhamiri ya Schanberg ipate kusamehewa. Wanaonyesha kwamba hata akiwa peke yake shambani, Pran anasikika akimwambia Sydney mawazo yake, kwa Kiingereza, kana kwamba hana mke wala Mungu wa kuzungumza naye. Hili ni kosa kweli, na silitetei. Hata hivyo tusimpunguze Pran kuwa mhanga wa tamaa ya bosi wake. Filamu inamwonyesha akikataa kuondoka kwa sababu naye anajihesabu kuwa mwandishi wa habari, na Pran halisi alitaka ulimwengu uyajue ya nchi yake. Filamu vilevile haimwachi Schanberg salama: katika hafla ya tuzo New York, Rockoff anamkabili chooni na kumshutumu kwamba alimbakiza Pran ili yeye apate sifa. Rockoff halisi amelalamikia jinsi alivyochorwa katika filamu, lakini swali lililowekwa kinywani mwake ni la haki. Pran alichagua, ndiyo. Alichagua akiwa na mshahara unaotoka kwa Schanberg, bila pasipoti ya kumkinga, wakati mwenzake alichagua akiwa na taifa zima nyuma yake. Watu wawili wanaweza kutamka neno moja la ujasiri, na gharama ikamwangukia mmoja tu. Schanberg alilijua hilo. Alipopewa Pulitzer mwaka 1976 aliipokea kwa niaba yake na ya Pran, ambaye wakati huo hakuna aliyejua kama yu hai.

Wengine watauliza: je, kumfuata mtu mmoja hakufichi siasa? Anayeitazama The Killing Fields hafahamu vizuri Khmer Rouge walitoka wapi, Pol Pot ni nani, wala China na Vietnam zilitaka nini. Ni kweli, na msomaji anayetaka sababu za vita hana budi kwenda kwenye vitabu vya historia. Lakini tukumbuke filamu ilitoka wakati gani. Mwaka 1984 kiti cha Kambodia katika Umoja wa Mataifa kilikuwa kimekaliwa na muungano ambao Khmer Rouge walikuwa ndani yake, ukiungwa mkono na China na mataifa ya Magharibi kwa sababu ya uadui wao na Vietnam. Katika mazingira hayo, kumweka Pran mbele ya mamilioni ya watazamaji kulikuwa tendo la kisiasa: wakubwa waliokuwa wakiwapokea wanadiplomasia wa muungano huo hawakuweza tena kudai kwamba mauaji yale ni uvumi wa wakimbizi. Mahakama maalumu ya Kambodia ilikuja kuchelewa sana. Nuon Chea na Khieu Samphan walipatikana na hatia ya uhalifu dhidi ya ubinadamu mwaka 2014 na ya mauaji ya kimbari mwaka 2018, karibu miaka 40 baada ya Pran kuvuka mpaka. Haki iliposinzia, sura ya shahidi mmoja ilisaidia dunia isisahau.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo watu wa vyumba vya habari wanalijua: kumtaja mwenyeji ni kumhatarisha. Mgeni huondoka na sifa zake, lakini mkalimani, dereva na mpiga picha hubaki mahali ambapo jina lao gazetini linaweza kuwaua. Kwa habari ya siku vita vinapopiganwa, nakubali kabisa. Yapo majina yasiyopaswa kuchapishwa. Filamu lakini huja miaka baadaye, na mara nyingi mtu aliyefichwa kwa ajili ya usalama wake huendelea kufichwa kwa mazoea tu. Eneo letu lina mfano unaouma. Tarehe 12 Julai 1993 helikopta za Marekani, katika operesheni ya Umoja wa Mataifa nchini Somalia, zilishambulia nyumba ya Mogadishu walimokutana wazee wa ukoo wa Habr Gidir. Waandishi waliofika kuripoti walivamiwa na umati wenye hasira, na wanne wakauawa: Hansi Krauss wa shirika la Associated Press, pamoja na Dan Eldon, Hos Maina na Anthony Macharia wa Reuters. Eldon, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi, amepata filamu ya kuigiza, The Journey Is the Destination ya mwaka 2016. Anastahili, kwa kuwa picha zake za njaa ya Somalia zilisaidia kuifungua macho dunia. Maina na Macharia, Wakenya waliokufa siku ileile kwa kazi ileile, hawajapata filamu ya namna hiyo. Hapa hakuna usalama wa mtu unaolindwa kwa kimya.

Mwandishi anayeishi ndani ya mgogoro wa nchi yake yuko mbali zaidi na kamera hizo, kwa kuwa hana hata mwenzake mgeni wa kuandika makala ya kumtafuta. Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu la Burundi alitoweka Julai 2016, katika mgogoro uliofuata Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Wenzake walimtafuta wenyewe, na wameendelea kulitaja jina lake. Yeye ndiye Dith Pran asiye na Schanberg, na kama filamu za vita zitaendelea kumsubiri mgeni awaongoze watazamaji, habari ya mtu kama yeye haitapata mlango wa kuingilia sinema. Inahitaji watu wa eneo hili waifanye, katika lugha ambazo wahusika walizungumza, wakiamini kwamba mtazamaji wa Bujumbura, Goma, Mombasa na Mwanza naye ni mtazamaji.

Ninachotaka basi si kumfukuza mwandishi mgeni katika sinema. Schanberg alifanya kazi ya hatari, Boyle alisema kweli ambayo serikali yake haikutaka kuisikia, na nchi iliyofungwa huhitaji mtu wa kupeleka habari nje. Ninachotaka ni wahariri waandike jina la mwenzao mwenyeji palipo salama kuliandika, wamlipe na kumkatia bima kama wanavyomfanyia mgeni, na wapange namna ya kumtoa kabla mji haujaanguka. Watengenezaji wa filamu nao waanze kuandika mswada kutoka kwa mtu asiyeweza kuondoka. Dith Pran alikuja kuwa mpiga picha wa New York Times na mpaka alipofariki mwaka 2008 alizunguka akiwaeleza watu yaliyoipata nchi yake. Haing Ngor aliifanya kazi hiyo mpaka alipouawa Los Angeles mwaka 1996. Hawakuhitaji mtu wa kuwasemea. Walihitaji kupewa nafasi ya kati, na siku walipoipata dunia iliifahamu Kambodia kuliko ilivyokuwa imeifahamu kwa miaka mitano ya taarifa za vita.